Gari la baba lilivyokohoa hadi Ifakara

Tulikuwa tumeshavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, milima ya Udzungwa imejipanga upande wa kulia na miwa bado inatusindikiza, gari lilipoanza kukohoa. Halikuzima. Lilitetemeka kama mtu mwenye homa, likatulia, likatetemeka tena. Binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma, aliamka akashika sikio na kusema, “Mama, kunanuka mafuta.”

Nilisimama pembeni, nikashusha vioo vyote. Harufu ya petroli ilikuwepo kweli, tena kali. Nilipozunguka nyuma niliona moshi mweusi unatoka kwenye bomba. Kwenye dashibodi hakuna taa yoyote iliyowaka. Mbele yetu zilibaki kama kilomita 60 kufika Ifakara, ambako wazazi wangu walikuwa wanatusubiri na chakula cha jioni.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1993. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, enzi hizo akiwa mwalimu wa sekondari, na limetubeba watoto wote wanne shuleni, hospitali, harusini na misibani. Alipostaafu na kurudi nyumbani Ifakara aliniachia mimi Dar es Salaam, pamoja na daftari la kurasa 96 lenye jalada gumu. Humo ameandika kila kilichofanyiwa gari hilo: tarehe, kilomita, kifaa, bei. Daftari linakaa kwenye kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Nakiri kwamba tangu nilipokabidhiwa sijawahi kuandika hata mstari mmoja.

Kwa wasiojua, gari hili halina kabureta. Kabureta huchanganya petroli na hewa kwa nguvu ya hewa yenyewe inapopita. Corolla ya baba ina nozeli nne, moja kwa kila silinda, na kompyuta ndogo ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Kompyuta hiyo huuliza sensa zake hewa imeingia kiasi gani, injini ina joto gani, inazunguka kwa kasi gani. Ikishajibiwa, inaamuru nozeli zifunguke kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikipewa jibu la uongo, itatoa amri ya uongo, tena kwa uaminifu kabisa.

Hilo sikulijua siku ile. Nilichojua ni kwamba nina mtoto garini, jua linaelekea milimani, na mume wangu yuko kazini kilomita zaidi ya 300 nyuma yangu.

Tuliendelea polepole. Barabara hii wengi tunaikumbuka kwa vumbi la kiangazi na tope la masika; sasa ni lami, na ukipita huku huna sababu ya kulalamika. Reli ya TAZARA inakuwa jirani yako kila baada ya muda. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu kumwonyesha maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, yanayoteremka kutoka msitu wa Udzungwa. Tulipita Sanje bila hata kugeuza shingo. Masikio yangu yote yalikuwa kwenye injini.

Kuna jambo moja niliona na kulipuuza. Mbele yetu kulikuwa na trekta linalovuta matela ya miwa, na barabara ilikuwa wazi. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho ili nilipite. Gari likavuta vizuri, bila kikohozi hata kimoja, kama la zamani. Nikafurahi nikidhani limepona. Nilipolegeza mguu tu, mtetemeko ukarudi. Sikumwambia mtu habari hiyo kwa siku tatu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mang'ula nilimkuta fundi chini ya mwembe. Alisikiliza injini kwa muda usiozidi dakika moja, akasema, “Dada, plagi hizo zimekufa.” Alizitoa haraka, zilikuwa nyeusi tii, akaweka mpya. Injini ikatulia. Nililipa Sh40,000 kwa moyo mkunjufu, nikampa na ya soda.

Tulipofika Kiberege mtetemeko ulikuwa umerudi wote.

Baadaye nilielezwa kwamba plagi mpya, safi, huweza kuvumilia petroli nyingi kwa muda kabla nazo hazijafunikwa na masizi. Kwa hiyo fundi yule hakuniongopea alipoonyesha kwamba gari limetulia. Ni kama kumpa mtoto panado: homa inashuka, anacheza, unapika chai, na ugonjwa uko palepale.

Ifakara mwezi Juni ni mji unaonuka mpunga. Maji ya masika yameshuka bondeni, mavuno yameingia, na kando ya barabara maturubai yametandazwa mpunga ukianikwa. Mashine za kukoboa zinaunguruma hadi usiku. Baiskeli ni nyingi mno, watu wazima, wanafunzi, mama na mtoto mgongoni na gunia nyuma, wote hawana haraka. Katikati ya baiskeli hizo nikapita na gari linalotoa moshi kama tanuri la matofali. Baba alikuwa amesimama getini.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona linalia hivyo?”

Alilitambua kwa sauti kabla hajaliona.

Usiku ule, juu ya wali wa Kilombero na kambale wa nazi, mazungumzo yalikuwa ya gari tu. Jirani mmoja aliyekuja kutusalimia alisema kosa ni kununua magari ya nozeli, kwamba kabureta ndiyo gari la Mwafrika. Baba hakukubali. Ana hadithi yake anayoipenda, nami nimeisikia tangu nikiwa darasa la pili: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, wakarudia tena 1967, wakiendesha Peugeot 404 ya nozeli. Kwenye tope na mawe ya nchi hizi hizi. Mfumo ule ulikuwa wa pampu ya chuma tupu, hauna kompyuta, lakini Baba hapendi ukimkatisha na jambo hilo. “Nozeli si ugonjwa,” alisema. “Ugonjwa ni fundi asiyeuliza.”

Pamoja na maneno hayo mazuri, asubuhi ya Jumamosi, Baba akiwa shambani, mimi nililipeleka gari kwa fundi wa pili. Nilikuwa na haraka ya kulimaliza. Huyu aliwasha, akakanyaga mafuta mara tatu, akatikisa kichwa. “Pampu ya mafuta imechoka, haisukumi. Na nozeli zinataka kusafishwa.” Nikauliza kama kuna namna ya kuipima hiyo pampu kabla ya kuibadilisha. Akacheka kwa upole. “Dada, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi, nasikia tu.” Alinitafutia pampu iliyotumika. Pamoja na ufundi nikatoa Sh140,000. Gari likawaka, likatetemeka vilevile, na moshi ule ule.

Tafakari kidogo na wewe msomaji. Gari linatoa moshi mweusi na kunuka petroli, maana yake petroli ni nyingi. Sasa pampu iliyochoka inaletaje petroli nyingi? Swali hilo halihitaji ufundi. Mimi mwenyewe ningeweza kulijibu kama ningetulia.

Kilichoniuma zaidi si fedha. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi, kwenye gazeti hili hili, kwamba si kila homa ni malaria. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Na nilikuwa nimeketi Ifakara, mji ambao jina lake linajulikana na watafiti wa malaria duniani kote. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya watafiti kutoka Uswisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Kilombero na Ulanga ndizo zilizofanyiwa mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na mafunzo yake yakasaidia kuleta hati punguzo kwa wajawazito nchini. Watu wa hapa wamechomwa vidole kwa ajili ya vipimo miaka mingi. Mimi, mjuaji, nikalipia pampu kwa sababu mtu “anasikia tu”.

Jumapili Baba alitaka mjukuu wake aone mto. Tulikwenda Kivukoni kwa gari lile lile, vioo vyote chini, mimi nikiwa nyuma na mtoto na Baba akiendesha. Daraja la Magufuli lina urefu wa mita 384, na lilifunguliwa mwaka 2018. Ukisimama juu yake unaona Kilombero imetulia, pana, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo ni Ulanga, njia ya Lupiro na Mahenge. Baba alimwonyesha mtoto mahali kivuko kilipokuwa kikitia nanga. Alimsimulia kwamba zamani ungeweza kufika hapa na mgonjwa ukakuta kivuko kiko ng'ambo, au maji yamejaa hakisogei, ukakaa. Mama zetu wa Ulanga waliokuja kujifungua Ifakara walikaa pia. Mwaka 2016 kivuko kilizama hapo. Baba alinyamaza kidogo aliposema hilo, kisha akamnunulia mjukuu wake muwa.

Hakuula. Nikaona ajabu, maana mtoto huyu kwa muwa hana mzaha. Alikuwa ameshika sikio tena.

Saa tatu usiku alikuwa anawaka moto. Kipimajoto kilisoma 38.9.

Mama yangu alifungua kabati akatoa nusu ya dozi ya dawa mseto iliyobaki mtu fulani alipougua. “Mpe hii, mwanangu, mbu wa mtoni wamemuuma leo.” Alisema kwa huruma ya bibi, si kwa ujinga, amelea watoto wanne katika bonde hili, na ameona watoto wa wenzake wakifa kwa malaria usiku mmoja.

Nilishika ile pakiti. Nataka niwe mkweli: nilikaribia kumpa. Ninajua kwamba mbu aliyekuuma leo mchana hawezi kukupa homa leo usiku, kwa kuwa vijidudu vya malaria huhitaji karibu siku saba au zaidi mwilini kabla homa haijaanza. Ninajua pia kwamba malaria ipo Dar es Salaam, hivyo angeweza kuja nayo kutoka nyumbani. Yote mawili ninayajua, na bado mkono ulikuwa unafungua pakiti, kwa sababu usiku ni mrefu na mtoto analia na mama yako anakutazama.

Kilichonizuia, na msinicheke, ni ile pampu.

Nikampa dawa ya homa ya maji kwa kipimo cha uzito wake, nikampunguzia nguo, nikampa maji kidogo kidogo. Nikaangalia yale ambayo yangenifanya nitoke saa hiyo hiyo bila kusubiri kuche: je, anakunywa? Anatapika kila kitu? Amelegea, haamki vizuri? Amepata degedege? Anapumua kwa shida? Hakuwa na hata kimoja. Gari lilikuwa uani, na sikuwa na imani nalo. Baba alikwenda kugonga kwa jirani mwenye bajaji, wakaahidiana kwamba akiitwa saa yoyote atakuja. Nililala nimekaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa kwenye benchi la kituo cha afya. Tabibu, dada wa umri wangu, hakugusa mtoto kwanza. Aliuliza. Homa imeanza lini? Inapanda na kushuka au imekaa? Kabla ya homa ulimwona na nini? Umeshampa dawa gani? Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, akinitazama usoni. Nikasema panado tu. Akauliza tena, “Hakuna mseto?” Nikasema hakuna, na nikashukuru kwamba nasema kweli.

Kidole kikachomwa, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka. Tulisubiri kama robo saa. Mstari mmoja: hakuna malaria. Hakuishia hapo. Alimkalisha mtoto mapajani kwangu, akamulika koo, akamulika masikio. Sikio la kulia lilikuwa limewiva ndani. “Alikuwa analishika?” Tangu Kidatu, nilisema. Nilikuwa nadhani ni kelele za gari.

Tulitoka na amoksilini na maelekezo ya kumaliza dozi yote hata akiona amepona.

Mchana huo huo, mtoto akiwa amelala, Baba alinipeleka kwa fundi wake wa siku nyingi. Ni mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana za serikali, sasa ana banda lake la mabati nyuma ya mashine za mpunga. Hana kompyuta ya kupimia magari. Magari ya umri huu hata hayana tundu la kuichomeka.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mwalimu, hili si lile lako? Nani amelitesa?”

Hakufungua boneti. Aliketi kwenye ndoo akaanza kuuliza, na nywele zilinisimama, maana yalikuwa maswali ya asubuhi. Limeanza lini? Ghafla au kidogo kidogo? Linasumbua likiwa baridi au likishapata moto? Likisimama au likitembea? Wameshabadilisha nini? Nilipotaja plagi na pampu alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Kisha akauliza, “Ukikanyaga mafuta mpaka chini, linafanyaje?”

Ndipo nikamwambia habari ya trekta la miwa.

Akanyanyuka. “Basi nozeli nzima. Pampu ilikuwa nzima. Njoo uone.”

Kwanza alitoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti, kwa utaratibu zilivyokuwa. Zote zilikuwa na masizi makavu, meusi, sawasawa. Kama nozeli moja ingekuwa mbovu au waya mmoja umekatika, alisema, plagi moja ingekuwa na sura yake. Zikifanana zote nne, ugonjwa uko mahali wanapokula pamoja. Akazisafisha, akazirudisha, akawasha injini na kuchomoa soketi za nozeli, moja baada ya nyingine. Kila alipochomoa moja, injini ililegea kwa kiasi kile kile. Silinda zote zilikuwa zinafanya kazi.

Halafu akafanya jambo ambalo sikujua kama gari letu linaweza. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Nimekiona miaka yote nikidhani ni cha fyuzi. Alikifungua, akatafuta vitundu viwili, TE1 na E1, akaviunganisha kwa kipande cha waya, akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini na nihesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Gari likiwa na kosa linalolijua, taa hukonyeza kwa namba: mikonyezo mitatu, kituo, mmoja, hiyo ni 31, sensa ya mgandamizo wa hewa, miwili na miwili ni 22, sensa ya joto la maji. Mafundi wengi wa Toyota za miaka ile wanazijua namba hizi kwa kichwa. Ya kwetu ilikonyeza mfululizo, haraka, bila kituo.

“Inasema nini?” nikauliza.

“Inasema haina habari ya ugonjwa wowote.”

Nikakata tamaa. Yeye akatabasamu. Sensa ikifa au waya ukikatika, kompyuta inajua. Lakini sensa nzima ikidanganywa, kompyuta haina namna ya kujua. Akachukua mpira mrefu, akaweka ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha polepole juu ya injini inayonguruma, mpira kwa mpira, kiungo kwa kiungo. Alipofika nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dereva, akasimama. Akanipa nisikilize. Ulikuwa msuo mwembamba, kama nyoka aliyekasirika.

Pale kuna sensa nyeusi, ndogo kuliko kiberiti viwili vilivyopangwa, imeunganishwa na injini kwa mpira mwembamba unaokaribia ule wa dripu. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kwenye shingo, mahali unapoivaa sensa. Mzee aliubana kwa vidole viwili. Injini ikatulia. Akaachia, ikatetemeka. Akabana, ikatulia. Baba aliyekuwa amekaa pembeni alisema neno ambalo sitaliandika kwenye ukurasa wa familia.

Mzee alinieleza hivi. Gari likiwa limesimama linanguruma, njia ya hewa imefungwa karibu yote na injini inavuta kwa nguvu, hivyo ndani yake kuna mvuto mkubwa. Sensa ile inaupima mvuto huo kupitia mpira na kuiambia kompyuta, hewa ni kidogo, toa petroli kidogo. Mpira ukipasuka, hewa ya nje inaingia, sensa inaona kama hewa ni nyingi, kompyuta inamwaga petroli. Ndiyo moshi, ndiyo masizi, ndiyo harufu. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, njia ya hewa inafunguka yote na mvuto unakaribia kwisha wenyewe. Hapo uongo wa sensa unakaribiana na ukweli, na gari linakwenda vizuri. Trekta la miwa lilikuwa limeshanipa jibu siku ya Ijumaa. Teknolojia hii ya kukadiria hewa kwa mgandamizo ni ya zamani. Bosch waliiweka kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967.

Alikata sentimita mbili zilizopasuka kwa wembe, akauvisha mpira tena. Kazi ya dakika moja. Akamtuma kijana akaleta mpira mpya wa kipimo hicho, akaubadilisha wote. Aliomba daftari. Baba akalitoa kwenye kisanduku chake, nami nikatazama pembeni. Mzee alipitisha kidole kwenye kurasa: oili, mkanda, betri, breki, rejeta. Hakuna mahali palipoandikwa mpira huo. Ulikuwa ule ule uliotoka nao Japani, miaka zaidi ya thelathini umekaa kwenye joto la injini.

“Mwalimu,” alisema, “hili hukulisahihisha.”

Alidai Sh15,000, mpira ukiwa ndani yake.

Jambo moja niliongeze kwa wazazi wenye magari ya umri huu. Injini inayochoma petroli nyingi kuliko hewa hutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtoto huathirika haraka kuliko wewe. Ile harufu aliyoilalamikia binti yangu ilikuwa ya petroli. Hatari nyingine haikuwa na harufu. Gari likiwa hivyo, shusheni vioo, na msikae ndani watoto wamelala huku injini inanguruma mkisubiri mtu dukani. Nilipomwuliza tabibu kama moshi ule ungeweza kumletea mtoto homa, alisema hapana. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ndiyo. Homa, hapana.

Jumatano sikio lilikuwa limepungua na muwa ulikuwa umeliwa. Alhamisi tulirudi Dar es Salaam. Sanje tulisimama, mtoto akatazama juu milimani mpaka akachoka. Kwenye daftari la Baba nimeandika mstari wangu wa kwanza: tarehe, kilomita, mpira wa sensa ya hewa, Sh15,000. Chini yake nimeandika plagi na pampu, na bei zake, kwa sababu Baba alisimama juu ya kichwa changu kuhakikisha.

Pampu ya zamani, ile iliyokuwa nzima, ilibaki kwa fundi wa pili. Nimempigia mara nne. Kila mara napokelewa na sauti ya mtu mwingine, ananiambia fundi yuko shambani, anavuna mpunga.